Jeli, Pete na Sindano: Safari ya Kutafuta Kinga ya VVU Iliyo Mikononi mwa Mwanamke

Ingia duka lolote la dawa kuanzia Magomeni Mapipa mpaka Kariakoo, uliza kondomu. Utapata bila shida. Sasa uliza swali la pili: kuna kitu gani hapa ambacho mwanamke anaweza kukitumia mwenyewe kujikinga na VVU, bila kumwomba mwanaume akubali? Hapo muuzaji ataanza kufikiria. Kondomu ya kiume inavaliwa na mwanaume. Kondomu ya kike ipo, ila nayo haifichiki, na mwanaume akikataa, mjadala umeishia hapo.

Kwa watu wengi swali hili si la nadharia. Tuseme wewe ni mama unayeuza vitenge Kariakoo, nyumbani Magomeni, na mume wako ni dereva wa malori ya Tunduma. Hujui anaishije wiki mbili akiwa njiani. Ukimwambia "tutumie kondomu", swali linalokurudia ni moja: "Kwani wewe una nini?" Na kama mnatafuta mtoto, kondomu haina nafasi kabisa, maana inazuia vyote viwili: kirusi na mimba.

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kwamba hapa Tanzania watu wazima wapatao 60,000 wanaambukizwa VVU kila mwaka. Wanaoishi na VVU ni asilimia 5.6 ya wanawake wenye miaka 15 na zaidi, na asilimia 3.0 ya wanaume. Karibu mara mbili. Sababu ni za kimaumbile na za kijamii pia: njia kuu ya kujikinga imekaa mkononi mwa mtu mwingine.

Mwaka 1990 mtaalamu wa magonjwa ya milipuko Zena Stein aliandika makala iliyolisema jambo hili wazi: dunia inahitaji kinga ambayo wanawake wanaweza kuitumia wenyewe. Hapo ndipo ilipoanza safari ya kutafuta mikrobisaidi. Makala hii inaisimulia safari hiyo, na sehemu yake moja muhimu sana ilifanyika hapa hapa Tanzania.

Mikrobisaidi ni kitu gani?

Ni dawa inayowekwa ukeni (au kwenye njia ya haja kubwa) ili kuzuia VVU visiingie mwilini wakati wa kujamiiana. Inaweza kuwa jeli, krimu, kidonge cha kuingiza, au pete laini. Ndoto ya mwanzo ilikuwa hivi: mwanamke anapaka jeli kabla ya tendo, mwanaume hajui, na kama mwanamke anataka kupata mimba, anapata.

Ili uelewe kwa nini ndoto hiyo ilikuwa ngumu, angalia kwanza kirusi kinapita wapi. Uke una utando wa ndani wenye tabaka kadhaa za seli, kama matofali yaliyopangwa. Ukiwa mzima, ni ukuta mzuri. Tatizo ni kwamba VVU vinatafuta seli za kinga zenye kipokezi kiitwacho CD4, na seli hizo zipo ndani ya ukuta na nyuma yake. Ukuta ukichubuka, au mwili ukileta askari wengi mahali hapo kwa sababu ya uvimbe au ugonjwa wa zinaa, kirusi kinapata mlango na kinapata chakula. Yaani askari wanaokuja kulinda ndio wanaotekwa.

Kumbuka jambo hili, maana ndilo lililoangusha jaribio kubwa la kwanza.

Sabuni iliyomgeuka mteja

Wanasayansi walianza na kitu kilichokuwa tayari sokoni: nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume. Kimsingi ni aina ya sabuni. VVU vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni inavunja mafuta. Maabara ikathibitisha: ukichanganya, kirusi kinakufa. Nani angesita?

Dalili mbaya zilitokea kwa majirani zetu. Utafiti uliofanywa Nairobi miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono, uliochapishwa mwaka 1992, ulipima sponji yenye dawa hiyo. Haikukinga, na waliotumia walipata vidonda zaidi. Baadaye jeli yenye kipimo kidogo zaidi ilijaribiwa Benin, Ivory Coast, Afrika Kusini na Thailand kati ya 1996 na 2000. Majibu yalishtua: waliopewa jeli yenye dawa waliambukizwa 16 katika kila 100, na waliopewa jeli isiyo na dawa waliambukizwa 12 katika kila 100. Dawa ya kukinga ilikuwa imeongeza hatari, hasa kwa waliokuwa wakiitumia mara nyingi kwa siku.

Sababu umeshaibashiri. Sabuni haichagui. Inavunja mafuta ya kirusi, na inavunja mafuta ya seli zako pia. Matofali yakachubuka, askari wakaja kwa wingi, mlango ukawa wazi. Tangu hapo kila mtafiti wa eneo hili anajua: kuua kirusi kwenye chupa ya maabara si sawa na kumlinda mtu.

Mwanza, 2005 hadi 2009

Kizazi kilichofuata cha jeli hakikuua kirusi, kilijaribu kukinasa. Moja iliitwa PRO 2000. Molekuli zake ni ndefu na zina chaji hasi, na juu ya ganda la VVU kuna sehemu zenye chaji chanya. Zinavutana, kirusi kinafunikwa, kinashindwa kushika seli. Wazo zuri, na haikuchubua.

Ili kulipima, Mpango wa Kuendeleza Mikrobisaidi uliofadhiliwa na serikali ya Uingereza uliandaa jaribio la wanawake 9,385 katika nchi nne: Afrika Kusini, Zambia, Uganda na Tanzania. Kwetu kituo kilikuwa Mwanza, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), AMREF na Chuo cha Afya na Tiba za Kitropiki cha London. Walioombwa kushiriki Mwanza ni wanawake wanaofanya kazi baa, kwenye nyumba za wageni, kwenye vilabu vya pombe za kienyeji, na mama lishe. Kwa ufupi, ni dada zetu wale wale unaowakuta Magomeni wakibeba masinia ya vinywaji au wakipakua wali maharage.

Watafiti hawakuingia kwa mabavu. Wanawake wenyewe walichagua wawakilishi wao kata kwa kata, na wawakilishi hao wakakaa mezani na watafiti kueleza wasiwasi wa wenzao: damu inayochukuliwa inakwenda wapi? Vifaa vya kupimia ukeni vinasafishwaje? Haya ni maswali ya haki kabisa, na yeyote aliyekulia kwenye hadithi za mumiani anajua uzito wake. Ridhaa nayo haikuwa sahihi ya siku moja halafu basi. Mshiriki aliulizwa tena na tena maswali ya kupima kama bado anaelewa anachoshiriki, na kubwa kuliko yote, kwamba hakuna anayejua kama jeli hii inakinga.

Wanawake walipewa jeli kwenye vibomba vidogo vya plastiki vya kupakia kabla ya tendo. Na hapa kuna jambo ambalo watafiti wengi hawakulitarajia. Walidhani wanawake wataitumia kwa siri. Wengi waliwaambia wapenzi wao, na wengi walisema jeli inaongeza raha, kwao na kwa wanaume. Kinga ambayo mtu anaifurahia! Kwa nusu ya watu waliozoea kuambiwa kuhusu VVU kwa lugha ya kutishwa tu, hilo lilikuwa jambo geni.

Mbona wengine walipewa jeli tupu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi tukieleza majaribio kama haya, na linastahili jibu la moja kwa moja. Je, si ukatili kumpa mwanamke aliye hatarini jeli isiyo na dawa?

Kwanza, kila mshiriki, awe na jeli yenye dawa au tupu, alipata kondomu, ushauri nasaha na matibabu ya magonjwa ya zinaa. Hakuna aliyeambiwa aache kondomu. Pili, mtu anayepata huduma zote hizo hupunguza hatari yake hata bila jeli. Ukimpima yeye peke yake ukaona hakuambukizwa, utajuaje kilichomlinda? Kundi la jeli tupu ndilo mizani. Bila mizani unauza kwa kukisia, na mfanyabiashara wa Kariakoo yeyote atakuambia mwisho wa kukisia ni hasara. Tofauti ni kwamba hasara hapa ni maambukizi.

Tatu, hebu ona kilichotokea. Februari 2009 jaribio lingine dogo zaidi, la wanawake wapatao 3,100, lilitangaza kwamba PRO 2000 huenda inapunguza maambukizi kwa asilimia 30. Wataalamu wa takwimu wakaonya: tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa ya bahati tu, kama kurusha sarafu mara kumi ukapata kichwa mara saba. Lakini dunia ilikuwa na kiu. Magazeti yakashangilia.

Desemba 2009 yakaja majibu ya jaribio kubwa, lile la Mwanza na wenzake. Kwa kila wanawake 100 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, kundi la jeli yenye dawa lilikuwa na maambukizi mapya 4.5. Kundi la jeli tupu, 4.3. Hakuna tofauti. Jeli haikudhuru, na haikukinga.

Watu waliona kama kushindwa. Sisi tunaomba uitazame upya. Bila wanawake wale 9,385, huenda leo kungekuwa na jeli ya PRO 2000 kwenye maduka ya dawa, mwanamke anainunua kwa pesa yake ya mboga, anaiamini, analegeza kondomu, na hailindi kitu. Jibu la "hapana" lililotoka kwa wahudumu wa baa na mama lishe wa Mwanza lilizuia maafa ambayo hatutayahesabu kamwe, kwa sababu hayakutokea. Wangapi tunalijua hilo hapa nchini? Majina ya madawa yaliyoshinda tunayasikia. Waliotuokoa na dawa isiyofaa hawana hata mtaa.

Dawa inafanya kazi, tatizo ni chumba kimoja

Miezi saba baadaye, Julai 2010, habari ikageuka. Watafiti wa Afrika Kusini wakiongozwa na Quarraisha Abdool Karim na Salim Abdool Karim walitangaza matokeo ya jeli yenye tenofoviri. Hii ni mojawapo ya dawa zilezile za kufubaza VVU. Haihangaiki na kirusi nje ya seli. VVU vikishaingia kwenye seli hubeba maelekezo yake kama RNA, na lazima yanakiliwe yawe DNA ndipo kirusi kizaliane. Kazi hiyo inafanywa na kimeng'enya chake. Tenofoviri inakwamisha kimeng'enya hicho. Kati ya wanawake 889 wa KwaZulu-Natal, jeli hii ilipunguza maambukizi kwa asilimia 39. Kwa mara ya kwanza, mikrobisaidi ilikuwa imekinga.

Halafu ikaja baridi nyingine. Jaribio liitwalo VOICE, la wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, lilipima jeli ya kila siku na vidonge vya kila siku. Majibu ya 2013: hakuna kilichokinga. Mwaka 2015 jaribio jingine la jeli, la wanawake zaidi ya 2,000 nchini Afrika Kusini, nalo likasema hivyo hivyo.

Dawa ni ileile. Kulikoni? Katika VOICE, wanawake walipoulizwa, wengi walisema wanatumia karibu kila siku. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana katika sampuli chini ya theluthi moja. Ni rahisi kusema "walidanganya". Walipohojiwa baadaye walieleza: nikionekana na dawa za ARV wataniona mgonjwa. Mume ataniuliza. Majirani wataniona.

Ukiishi Magomeni huhitaji kufafanuliwa. Nyumba ya kupanga, vyumba sita vimetazamana, ukumbi katikati, choo na bafu uani kwa wote. Chumba kimoja, wewe, mume na watoto. Sasa weka humo boksi la vibomba vya jeli, vyenye idadi ya kutumia kila siku. Utavificha wapi? Kibomba kilichotumika utakitupa wapi mwenzako asikione kwenye ndoo ya taka? Jeli ilibuniwa ili mwanamke awe na siri yake, ila ilisahau kwamba siri inahitaji nafasi, na nafasi inahitaji pesa.

Kuna kikwazo kingine, kidogo kwa umbo. Mwaka 2017 watafiti walipitia upya sampuli za KwaZulu-Natal na kukuta kwamba kwa wanawake ambao ukeni mwao walitawala bakteria wazuri waitwao laktobasili, jeli ilipunguza maambukizi kwa asilimia 61. Kwa wengine, asilimia 18 tu. Baadhi ya bakteria, hasa Gadinerela, walikuwa wanaivunja tenofoviri kabla haijaingia kwenye seli. Na hapa tuseme wazi, maana somo hili halihitaji kusubiri dawa yoyote: kujisafisha ndani ya uke kwa sabuni, limao au vitu vya kubana huwaondoa bakteria hao walinzi na huchubua ule ukuta. Uke unajisafisha wenyewe. Maji ya kawaida, nje tu, yanatosha.

Pete: kazi ya mara moja kwa mwezi

Kama tatizo ni kukumbuka na kuficha kila siku, basi tengeneza kitu cha kusahau. Ndiyo ikaja pete ya silikoni laini, inayokunjika, yenye miligramu 25 za dapivirini. Mwanamke anaiingiza mwenyewe, inakaa ukeni mwezi mzima ikiachia dawa taratibu, kisha anaweka nyingine. Haionekani. Wanaume wengi hawaihisi.

Mwaka 2016 majaribio mawili yalitoa majibu pamoja. La kwanza lilikuwa na wanawake 2,629 wa Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. La pili wanawake 1,959 wa Afrika Kusini na Uganda. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 27 na 31. Si namba kubwa, na kwa wasichana wa miaka 18 hadi 21 katika jaribio la kwanza haikuonyesha kinga, hasa kwa sababu hawakuitumia mfululizo. Ila walioivaa mara kwa mara walilindwa zaidi, na Januari 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kama chaguo la ziada kwa wanawake walio katika hatari kubwa. Miaka 31 baada ya makala ya Zena Stein, mikrobisaidi ya kwanza ilikuwa imepata kibali.

Sindano: mara mbili kwa mwaka

Njia ya mwisho imeacha uke kabisa. Lenakapaviri ni sindano ya chini ya ngozi, inayochomwa kila miezi sita. Inashambulia kapsidi, lile ganda la ndani linalobeba vinasaba vya kirusi. Ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 waliopata sindano, walioambukizwa walikuwa sifuri. Majibu yalipotangazwa katikati ya 2024, kamati huru ilishauri jaribio lisimamishwe na kila mshiriki apewe sindano. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Kitaalamu si mikrobisaidi, maana haipakwi mahali. Ila imetimiza kilichokuwa kinatafutwa tangu 1990: hakuna boksi la kuficha, hakuna kibomba, hakuna ruhusa ya mtu. Unakwenda kliniki kama unakwenda kupima presha, unarudi sokoni.

Kizuizi sasa kimehama kutoka sayansi kwenda pesa. Mapema 2025 Marekani ilisitisha misaada mingi ya nje, na huduma zake za dawa kinga zikabanwa, zikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Miradi ya kutafiti mikrobisaidi mpya nayo ikafungwa njiani. Septemba mwaka huo zikatangazwa habari njema: kuanzia 2027 sindano ya lenakapaviri isiyo ya kampuni asili itauzwa kwa dola 40 hivi kwa mwaka katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nani atalipa hizo dola 40 kwa ajili ya mhudumu wa baa wa Magomeni, hilo ni swali la bajeti, na bajeti ni mambo yetu sote.

Leo ufanye nini?

Vidonge vya kujikinga, maarufu kama PrEP, vinatolewa hapa Tanzania kwa walio katika hatari kubwa. Ulizia kituo cha afya kilicho karibu nawe; uliza pia kama kuna sindano au pete, maana huduma hizi zinabadilika kila mwaka. Umeshakuwa hatarini tayari, kondomu imepasuka au umelazimishwa? Kuna dawa za dharura, PEP, ambazo lazima uanze ndani ya saa 72 na uzimalize siku 28. Usisubiri asubuhi ya Jumatatu. Kondomu nayo bado iko palepale, na inazuia magonjwa ambayo dawa hizi zote haziyagusi.

Na siku mtafiti atakapokuja mtaani kwenu na fomu ya ridhaa, msikilize na umuulize maswali yote magumu: damu inakwenda wapi, nikiumia nani ananitibu, dawa ikifaulu sisi tutaipata lini? Wanawake wa Mwanza waliyauliza, na jaribio likawa bora kwa sababu hiyo.